Zaituni na Akello Wamekutana Kaunta ya Tatu

Baba yangu,

Kaa vizuri huko uliko, na kama kuna redio, izime kwanza. Nina habari, na leo sitaki unikatize kwa kile kikohozi chako cha kusema "fupisha taarifa". Leo sifupishi. Naandika mbio mbio kwa furaha, hata mwandiko wangu uliokuwa ukiusifu umeharibika kama wa daktari. Utavumilia.

Baba, nimeandikishwa! Kazi zangu zote mbili, ile ya mshahara na ile ya cherehani, zimeingia kwenye namba moja katika Mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Ujumbe umefika kwenye simu asubuhi hii nikiwa napiga mswaki. Nimeusoma mara tano, povu likinidondoka kifuani, na Mama akadhani nimepata habari ya msiba. Nimefanya jambo hili mchana kweupe, mbele ya watu, na hakuna aliyenikamata.

Najua umeshakunja uso. Kazi mbili? Mbele ya watu? Subiri, nitafika hapo. Kwanza salamu.

Tangu tulipokuzika kule Yumbe huu ni mwaka wa pili. Mama yupo, anakula, ananigombeza kuhusu chumvi. Amehamia chumba changu hapa Namuwongo, na kile chenu amepanga mtu mwingine mwenye watoto watatu na sauti kubwa. Misa ya kwanza bado haimpiti. Akirudi kanisani huifuta picha yako kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kisha huigeuza kidogo itazame mlango, maana anasema hukupenda kuupa mlango mgongo. Kaka zangu mapacha, Opio na Ocheni, wanapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Hatujambo. Tunakukosa sana, lakini hatujambo.

Na cherehani yako iko kwangu. Ya mkono ile ile, nyeusi, yenye mkwaruzo pembeni. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia, kwa hiyo niruhusu nirudi nyuma, Naguru, kwenye unipoti yetu.

Unaikumbuka ile nyumba ya bati ya duara? Jua likiwaka tunaiva, mvua ikinyesha hatusikilizani. Ukizungusha cherehani mle ndani, kambi nzima ya polisi ingejua kwamba Sajini anashona. Ndiyo maana ulikunja lile blanketi la kijivu mara nne ukaliweka chini yake, sauti ikawa ya mtu anayekoroma chumba cha jirani. Mimi uliniweka mlangoni na bakuli la maharage ya kuchambua. Nikimwona Ofisa anakuja kukagua nyumba, kazi yangu ilikuwa kuita kuku. "Kuru kuru kuru!" Wewe unasukuma cherehani chini ya kitanda, Mama anaketi juu ya vitambaa, na Ofisa anatukuta tumetulia kama watu wa kwenye picha. Kuku hatukuwa nao hata mmoja.

Uliamini kwamba mtu wa yunifomu ana kazi moja tu, na akionekana na ya pili ni aibu yake na ya watoto wake. "Zaituni, apana ambia mtu. Hii iko kazi ya ndani." Sikuwahi kuona mahali palipoandikwa hivyo, wala sikukuuliza. Wewe ulikuwa ukisema, sisi tunatii.

Kazi ya ndani hiyo ndiyo iliyotusomesha wote watatu. Sare za shule, suruali za askari, mapazia ya wake zao, yote yalipita chini ya mkono wako. Halafu macho yakachoka, ukastaafu, na pensheni ya kazi ya nje ikaja, tunashukuru. Ya kazi ya ndani haikuja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ipo. Nilikuwa nakuona umekaa kizingitini, vidole vyako vinakunja pindo la shuka ulilojifunika, unakunja na kukunjua, bila sindano. Siku moja ukasema, bila kunitazama, "Mimi ilishona watu yote hapa. Nani iliandika?" Nilijifanya sikusikia. Nisamehe kwa hilo, Baba. Nilisikia, na tangu siku ile sijaacha kusikia.

Sasa njoo kwangu. Unajua niko stoo ya kampuni ya rangi, Nakawa, napokea madebe na kuyatoa. Waliponiajiri vitambulisho vya taifa vilikuwa havijaanza, nikawapa cheti cha shule: Zaituni Juma. Kila mwezi wanakata sehemu ya mshahara wangu, wanaongeza ya kwao iliyo kubwa zaidi, na zote mbili zinakwenda Mfuko kwa jina la Zaituni. Hiyo ulikuwa unaijua.

Usiyoyajua ni haya. Baada ya wewe kuondoka nilianza kushona kila jioni na kila Jumamosi. Vitambaa navipata kwa Mama Furaha, yule Mkongo wa Bukavu anayeuza vitenge mlango wa pili, aliyekuletea uji ulipougua. Mimi ni binti yako kweli kweli, kwa hiyo nikashona kwa kujificha. Kazini wakiuliza mbona vidole vina matobo, nasema nilikuwa namenya mihogo. Na cherehani, Baba, niliiwekea blanketi chini. Nyumba yetu ni ya matofali, kelele za treni zinapita hapo nje, hakuna Ofisa wala kambi, lakini blanketi la kijivu nililikunja mara nne.

Mama Furaha ndiye aliyenisukuma. "Dada, siku macho yako itachoka, hii machini itakulisha na nini?" Hakujua amegusa wapi. Wiki ile ile watu wa Mfuko wakaja mtaani kwetu na meza na mwavuli, wanaandikisha wanaojiajiri: wauza mihogo, wasusi, mafundi. Nikapanga foleni. Nikatoa kitambulisho changu cha taifa, ambacho unajua vizuri kinasemaje, maana ni Mama aliyenipeleka kuandikishwa: Akello Grace. Yule bwana wa mwavuli akaniuliza kama nina mwajiri.

Nikasema sina.

Niliita kuku, Baba. Mtu mzima, na mvi zangu mbili, niliita kuku. Niliona kwamba mtu wa mshahara kujiandikisha tena kama mtu anayejiajiri ni kama kupanga foleni ya chakula mara mbili, na wakigundua watanifukuza Nakawa na kunifutia akiba ya cherehani. Nikaona Zaituni awe na mwajiri, Akello awe na cherehani, wasijuane.

Na hawakujuana. Mwisho wa mwezi Zaituni anakatwa, Jumamosi Akello anatuma kidogo kwa simu. Kwetu jambo hilo halikuwa geni. Wewe uliniita Zaituni msikitini, Mama akanibeba mgongoni hadi kanisani nikatoka huko naitwa Grace Akello, jina la anayezaliwa baada ya mapacha, na ninyi wawili mkakubaliana kutolizungumza. Nyumba ikawa na amani. Hukuwahi kuniita Akello hata nilipokuwa na homa. Mama hakuwahi kuniita Zaituni hata alipokuwa na hasira. Nilikula wali wa Idi na keki ya Krismasi, sikuona tatizo liko wapi.

Tatizo lilibandikwa ukutani mwezi uliopita, pale stoo, karibu na birika. Kila mfanyakazi alete kitambulisho cha taifa ili taarifa zake za Mfuko zisahihishwe. Ambaye jina lake halifanani, siku akienda kudai akiba yake atapata taabu kuthibitisha kwamba ni yeye.

Nilisimama pale na kikombe hadi chai ikapoa. Nikipeleka kitambulisho, Madamu wa ofisi anaona Akello, wanatafuta Akello huko Mfuko, wanamkuta anasema hana mwajiri. Mimi ni mwongo. Labda nakamatwa, binti wa polisi! Nisipopeleka, miaka yangu yote ya madebe inabaki kwa Zaituni asiye na kitambulisho, inaning'inia tu. Nikakukumbuka kizingitini na lile shuka. Wewe nusu yako haikuandikwa popote. Na mimi ningeishia hivyo hivyo, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Usingizi ulinikimbia, na chakula kikawa na ladha ya sabuni.

Nilikwenda kwa wakili mmoja mwenye ofisi juu ya duka la simu. Akasema anaweza kuniandikia kiapo kwamba Zaituni na Akello ni mtu mmoja, lakini akataka karatasi yoyote ya zamani yenye majina yote mawili. Nikamwambia rahisi hiyo. Nikaenda kutafuta. Shule: Zaituni. Kanisa: Akello. Kliniki, kadi ya chanjo: Akello. Msikitini hawakuandika kitu. Hakuna karatasi iliyowahi kutuona pamoja. Nilikaa kitandani nikacheka kicheko cha mtu aliyekwama.

Ndipo Mama akasema, "Kopo."

Kopo lako la biskuti, Baba. Halikufunguliwa tangu msiba. Lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kamba ya viatu, na Mama alikuwa akifagia pembeni yake bila kuligusa. Alilifungua yeye. Harufu ya mafuta ya cherehani ikatoka, nikalia hapo hapo kabla sijaona kitu. Vifungo vya shaba. Ile subana yako ya kidoleni, iliyobonyea. Tepe za sajini, jozi mbili, hazijavaliwa. Na chini kabisa, fomu iliyokunjwa vizuri, ile ninyi askari mliyokuwa mkijaza kueleza nani anaishi ndani ya nyumba. Ina muhuri. Ina mwandiko wako, zile herufi zilizosimama wima kama ziko kwenye gwaride. Mke. Watoto.

Opio Hasani. Ocheni Huseni. Akello Zaituni.

Baba! Uliandika. Ukalitanguliza jina la upande wa Mama. Kwa wote watatu ulilitanguliza, ukapeleka kwenye meza ya wakubwa wako, ukasubiri wapige muhuri, ukarudi nyumbani ukaniita Zaituni kama kawaida. Miaka yote nilifikiri hulipendi jina lile. Mara nyingine, nikikukasirikia, nilifikiri nusu yangu huipendi. Mama aliishika ile karatasi muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mwishowe akasema tu, "Huyu mzee," akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Nakupenda, Baba. Nilipaswa kukwambia ukiwa unasikia.

Basi wakili akaandika kiapo chake, nami nikaomba ruhusa ya nusu siku nikaenda ofisi ya Mfuko. Nilivaa ile sketi ya bluu, nikapiga pasi mikunjo kama ulivyonifundisha, nikachukua namba ya foleni, nikangoja. Kaunta ya tatu. Binti aliyesuka nywele nyembamba, ana kalamu sikioni. Nikasimama wima kabisa, mikono ubavuni, nikamwambia nimekuja kujisalimisha.

Aliniangalia. Nikamweleza yote bila kupumua: Zaituni, Akello, madebe, cherehani, yule bwana wa mwavuli niliyemdanganya. Nikamaliza kwa kumwomba asimpigie mwajiri wangu kabla sijamwambia mwenyewe. Binti akatoa kalamu sikioni.

"Nyabo, mama, kosa liko wapi?"

Baba, nilitafuta kosa, nikalikosa! Akanieleza polepole, kama unavyomfundisha mtu kutia uzi kwenye sindano. Mwenye mwajiri anaruhusiwa kuwa na kazi yake pia. Mwajiri anaendelea kukata na kuongeza kama kawaida, hapunguzi kitu kwa sababu mimi nashona. Na mimi, kwa ile pesa ya cherehani, naongeza ninachoweza kwa hiari yangu, kwa namba ile ile. Hata wanafurahi. Kilichokuwa kibaya ni kuwa na namba mbili, maana mtu ni mmoja. Wanaziunganisha, miaka ya Zaituni na ya Akello inakaa pamoja. Na lile neno la kwamba sina mwajiri? Akalifuta na kuandika jingine. Dakika moja.

Akauliza, "Kazi?" Nikasema karani wa stoo. Akaandika. "Na ya pili?" Nikainama nikamnong'oneza. "Sauti, nyabo, sikusikii." Nikarudia kwa kunong'ona vile vile, kwa sababu sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu wa ofisi maisha yangu yote. Akangoja na kalamu yake. Nikafumba macho.

"Fundi cherehani!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, akauliza kama nashona magauni ya gomesi, maana ana harusi ya mpwa wake na fundi wake anamzungusha. Nikamwambia nashona. Ndiyo, nilimwambia nashona, na nikampa namba ya simu mbele ya kila mtu.

Kesho yake nikamwendea Madamu na kitambulisho na kiapo. Nikamwambia yote. Akanitazama juu ya miwani. "Akello, au Zaituni, sijui nikuite nani. Muda wote huu unakuja na nyuzi kwenye sketi, ulidhani tunadhani ni nini?" Ni hayo tu. Akachukua nakala ya kitambulisho akaendelea na simu yake. Jumatatu akaniletea suruali tatu za mume wake nizipunguze.

Nilirudi nikamsimulia Mama, na kwa kumchekesha nikamkumbusha kuku. Nikamwambia, fikiria, Mama, sisi na kuku wetu, tulimficha Ofisa cherehani miaka yote na kumbe hakukuwa na haja. Mama akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

"Ofisa? Sasa suruali ya Ofisa nani ilikuwa anapunguza kiuno?"

Baba, mkewe alikuwa anazileta kwa Mama, zimefungwa ndani ya leso kama mihogo! Na Mama hakukwambia ni za nani, kwa sababu ungekataa, na ada za shule zilikuwa mlangoni. Kumbe Ofisa alikuwa akifika kwenye kona anakohoa kwanza, kwa nguvu, makusudi, ili tupate muda wa kusukuma cherehani chini ya kitanda. Anangoja kidogo. Ndipo anakuja. Halafu anauliza kwa uso mkavu, "Kuku hawajambo?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha nikaumia. Nilikuona umeinama juu ya lile blanketi, unazungusha mkono taratibu, unasikiliza nyayo. Ulifanya kazi nzuri kuliko zote pale Naguru, na uliifanya kwa hofu. Ningekuwa na uwezo ningerudi nikakwambia, Baba, zungusha, wanajua, tena wanakuheshimu.

Siwezi kurudi. Kwa hiyo nimefanya hili ninaloweza. Leo, baada ya ujumbe kuingia, niliinua cherehani yako, nikalivuta blanketi. Lilikuwa limegandamana, lina alama nne za miguu ya cherehani. Nimelifua. Likikauka ni la magoti ya Mama, asubuhi za misa huwa na baridi. Meza nimeisogeza kando ya mlango, nimefungua milango yote miwili, nikatia kitambaa cha gomesi ya yule mama wa kwenye foleni, nikazungusha.

Kelele yake, Baba! Sikuwahi kuijua sauti yake halisi. Inalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Watu wawili walisimama kuangalia. Mama Furaha akapiga kelele kutoka kwenye vitenge vyake, "Iyo njo machini sasa!" Mama akaigeuza picha yako itazame mezani, sio mlangoni.

Nakuahidi mambo mawili. Kila Jumamosi, kabla sijagusa kitambaa, nitatuma kidogo cha cherehani kwenye ile namba, hata wiki iwe mbaya, ili mtu akiuliza nani aliandika, jibu liwepo. Na chini ya cherehani yako hakitawekwa kitu tena.

Sasa pumzika, Sajini wangu. Taarifa imekwisha. Ofisa akipita huko kwenu akakohoa, mkaribishe, mpime kiuno. Mimi siiti kuku tena.

Binti yako, kama ulivyoandika mwenyewe,

Akello Zaituni